Albert Howard: mtaalamu aliyefunzwa na wakulima wa India, na njia yake kwa bustani za Sandoa

Mvua za Oktoba zinapoanza kunyesha Sandoa, katika jimbo la Lualaba, nyumba nyingi hushika jembe. Mashambani huingia mahindi na karanga. Nyuma ya nyumba, wamama huotesha lengalenga, matembele, ngaingai, nyanya na vitunguu, mboga za kula na bukari na nyingine za kuuza sokoni. Na kila mwaka tatizo hurudi lile lile: udongo umechoka, na mbolea ya dukani ni ghali. Mbolea hiyo huingizwa kutoka nje ya nchi, na mpaka ifike Sandoa kwa barabara mbaya ya masika, bei yake imekwisha kupanda.

Mwezi huo huo wa Oktoba, tarehe 20 mwaka 1947, alifariki London mtu aliyetumia zaidi ya miaka 40 kutafuta jibu la tatizo hilo. Jina lake Sir Albert Howard, Mwingereza, mtaalamu wa mimea. Leo anahesabiwa kati ya waanzilishi wa kilimo hai, yaani kilimo kisichotumia mbolea za kiwandani wala dawa za kemikali. Kazi yake kubwa aliifanya India, si Kongo. Lakini njia yake ya kutengeneza mboji ilifika Afrika Mashariki mapema, mwaka 1933, na karibu kila kitu inachohitaji kinapatikana katika kiwanja cha nyumba ya Sandoa.

Kuna jambo moja ambalo mara nyingi huachwa maisha yake yanaposimuliwa. Sehemu kubwa ya elimu iliyompa sifa hakuipata chuo kikuu. Aliipata kwa wakulima maskini ambao serikali ya kikoloni ilimtuma kwenda kuwafundisha.

Mtoto wa mkulima

Howard alizaliwa tarehe 8 Desemba 1873 huko Bishop's Castle, mji mdogo wa Shropshire, magharibi mwa Uingereza karibu na mpaka wa Wales. Wazazi wake walikuwa wakulima, na yeye alikua akijua kazi za shamba kabla hajajua vitabu. Alisoma sayansi London, kisha Cambridge, ambako alihitimu mwaka 1896.

Mwaka 1899 alipelekwa visiwa vya Karibiani, akawa na makao yake Barbados. Kazi yake ilikuwa kuchunguza magonjwa ya mimea yanayoletwa na kuvu, hasa ya miwa. Aliketi maabara, akapokea majani yaliyougua, akayaangalia kwa hadubini, kisha akatakiwa kuwashauri wakulima dawa ya kutumia. Hapo ndipo shaka yake ilipoanza. Aliona kwamba anawashauri watu juu ya mazao ambayo yeye mwenyewe hakuwa na hata kipande cha ardhi cha kuyalima. Kama ushauri wake ungeharibu shamba, hasara ingekuwa ya mkulima, si yake.

Alirudi Uingereza mwaka 1903, akafanya kazi katika chuo cha kilimo cha Wye, katika jimbo la Kent, kwenye mashamba ya mihopi, mmea unaotiwa katika bia. Miaka miwili baadaye akapata kazi India, nchi iliyokuwa chini ya utawala wa Uingereza.

Pusa, mahali ambapo mwalimu aligeuka mwanafunzi

Howard alifika Pusa, katika jimbo la Bihar, mwaka 1905. Serikali ilikuwa imejenga hapo kituo kikubwa cha utafiti wa kilimo, na yeye alipewa kazi ya kutafuta mbegu bora. Kazi hiyo aliifanya vizuri. Mbegu za ngano zilizotoka mikononi mwake na mwa mke wake, hasa Pusa 4 na Pusa 12, zilienea mahali pengi nchini India.

Lakini kilichombadilisha kilikuwa nje ya ukuta wa kituo. Katika mashamba ya vijiji vya jirani, Howard aliona mazao yenye afya. Wakulima hao hawakuwa na dawa ya kunyunyizia wala mbolea ya kiwanda, kwa sababu hawakuwa na fedha za kuvinunua. Hata hivyo wadudu na magonjwa viliwasumbua kidogo kuliko alivyotarajia mtu aliyesoma Cambridge.

Badala ya kusema kwamba ni bahati, aliamua kujifunza. Baadaye aliandika kwamba walimu wake wa kilimo walikuwa wawili: mkulima wa kijijini, na mdudu anayeshambulia mimea. Mkulima alimwonyesha jinsi ya kulima. Mdudu alimwonyesha ni wapi kosa limefanyika, maana kwa maoni yake mmea ulioshambuliwa sana ni mmea ambao tayari una shida katika udongo wake au katika mbegu yake.

Aliomba apewe ardhi yake mwenyewe ya kulima, akapata hekta zinazokaribia 30. Hapo akafuata yale aliyoyaona kwa majirani. Wakulima wa Bihar walichanganya mazao katika shamba moja: nafaka pamoja na jamii ya kunde, mmea wa mizizi mirefu pamoja na wa mizizi mifupi. Jamii ya kunde hupata naitrojeni kutoka hewani kwa msaada wa bakteria wanaoishi katika mizizi yake, na sehemu ya chakula hicho hubaki udongoni kwa ajili ya zao linalofuata.

Kwa msomaji wa Lualaba, habari hii si ngeni. Mama anayepanda mahindi, maharagwe na maboga pamoja, au karanga katikati ya mihogo, anafanya jambo la namna hiyo. Katika miaka ile, wataalamu wengi wa kikoloni barani Afrika waliuona mchanganyiko huo kuwa fujo. Katika Kongo ya Wabelgiji, tangu mwaka 1917 serikali iliwalazimisha wanakijiji kulima mazao iliyoyachagua yenyewe, hadi siku 60 kwa mwaka, na aliyekataa aliadhibiwa. Howard naye alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni na alilipwa nayo. Tofauti yake ni kwamba kabla ya kuwaambia wakulima walime namna gani, aliwauliza kwa nini wanalima hivyo.

Kisa cha ng'ombe wake kilijulikana sana. Aliwalisha majani yaliyoota katika udongo uliorutubishwa vizuri. Homa ya miguu na midomo ilipoingia katika mifugo ya jirani, ng'ombe wake waligusana pua na ng'ombe wagonjwa juu ya uzio, lakini hawakuugua. Kwa Howard huo ulikuwa ushahidi kwamba afya huanzia udongoni, ikapita kwenye mmea, ikafika kwa mnyama na kwa mtu. Wanasayansi wengine hawakukubali, wakisema kisa kimoja hakitoshi kuthibitisha jambo kubwa kama hilo.

Gabrielle na Yeshwant Wad

Howard hakufanya kazi hiyo peke yake. Mwaka alipofika India, 1905, alimwoa Gabrielle Matthaei, mwanasayansi aliyekuwa tayari na sifa Cambridge kwa uchunguzi wake wa jinsi majani yanavyotumia mwanga wa jua kujitengenezea chakula. Kwa miaka kadhaa Gabrielle alifanya utafiti sawa na mume wake huku cheo chake kikiwa cha msaidizi. Mwaka 1913 serikali ilimpa cheo rasmi cha mtaalamu wa pili wa mimea. Wawili hao waliandika ripoti na vitabu pamoja kwa miaka 25.

Mtu mwingine ni Yeshwant Wad, mkemia Mhindi. Yeye ndiye aliyepima kilichokuwa kinatokea ndani ya marundo ya mboji, na jina lake liko pamoja na la Howard kwenye jalada la kitabu cha mwaka 1931 kilichoeleza njia hiyo kwa mara ya kwanza kwa ukamilifu. Lakini sifa ilipoenea duniani, lilibaki jina moja tu, la Howard.

Indore, siku 90 za rundo

Huko Pusa, Howard alichoshwa na utaratibu uliowagawa wataalamu: huyu mbegu, yule wadudu, mwingine udongo, bila mtu wa kuangalia shamba zima. Mwaka 1924 alihamia Indore, katikati ya India, kuongoza kituo kipya ambacho yeye na Gabrielle walikipanga wenyewe. Kituo hicho kililipiwa kwa sehemu na fedha za zao la pamba.

Tatizo la Indore lilikuwa lile la Sandoa. Wakulima wa pamba hawakuwa na uwezo wa kununua mbolea. Mavi ya ng'ombe yalikaushwa na kuchomwa kama kuni. Mabua ya pamba na majani makavu yalitupwa au kuchomwa moto. Rutuba iliondoka shambani kila mavuno, na hakuna kilichorudi.

Howard alikuwa amesoma habari za wakulima wa China, ambao kwa karne nyingi walirudisha udongoni kila kitu kinachooza. Yeye na Wad wakachukua desturi hiyo, wakaiongezea vipimo, mpaka ikawa njia ambayo mtu yeyote anaweza kuifuata. Iliitwa njia ya Indore.

Namna yake ni hii. Huwekwa tabaka la majani na mabaki ya mimea lenye unene wa sentimita 15 hivi, makavu yakichanganywa na mabichi. Juu yake huwekwa tabaka la mavi ya wanyama la sentimita 5. Kisha hunyunyizwa majivu ya kuni na udongo uliolowa mkojo wa wanyama. Tabaka zinarudiwa hadi rundo lifike mita moja na nusu au karibu yake. Kila tabaka hulowanishwa kwa maji, lakini si mpaka yachuruzike.

Kila kitu kina kazi yake. Majani makavu huwapa vijidudu vya udongo nguvu. Mavi na majani mabichi huwapa naitrojeni. Majivu hupunguza ukali wa asidi unaotokea vitu vinapooza. Hewa ni lazima, na kwa sababu hiyo rundo hugeuzwa mara mbili: mara ya kwanza baada ya wiki tatu hivi, mara ya pili katika wiki ya tano. Likitengenezwa vizuri, rundo hupata joto kali ambalo huua mbegu nyingi za magugu na vijidudu vingi vya magonjwa. Baada ya siku 90 hivi, kilichokuwa takataka kimekuwa mboji nyeusi, laini, yenye harufu ya msitu baada ya mvua.

Howard alitoa pia shauri la majira. Wakati wa kiangazi mboji itengenezwe katika shimo lisilo refu sana, ili unyevu usipotee. Wakati wa masika itengenezwe juu ya ardhi, kwa sababu shimo likijaa maji hewa hukosekana, na rundo huoza vibaya na kunuka.

Gabrielle alifariki mwaka 1930. Mwaka uliofuata Howard aliondoka India, akarudi Uingereza na kumwoa Louise, mdogo wa Gabrielle, aliyekuwa amefanya kazi katika Shirika la Kimataifa la Kazi huko Geneva. Mwaka 1934 mfalme wa Uingereza alimpa Howard heshima ya kuitwa Sir.

Njia inafika Kiambu

Bara la Afrika halikusubiri muda mrefu. Mwezi wa Februari 1933, shamba la kahawa la Kingatori, karibu na Kiambu, si mbali na Nairobi, lilianza kutengeneza mboji kwa njia ya Indore. Kwa maandishi ya Howard mwenyewe, hapo ndipo mahali pa kwanza barani Afrika palipoichukua njia hiyo. Kutoka huko ilienea katika mashamba mengine ya kahawa ya Kenya na Tanganyika.

Kenya ya wakati huo ilikuwa koloni la walowezi. Mashamba makubwa ya kahawa yalikuwa mikononi mwao, na waliobeba majani, kugeuza marundo na kusambaza mboji chini ya mikahawa walikuwa vibarua Waafrika. Hivyo elimu iliyotoka kwa wakulima wadogo wa Bihar iliingia Afrika kwanza kupitia mashamba ya matajiri. Ilichukua miaka mingi mpaka ihesabiwe tena kuwa elimu ya mkulima mdogo.

Ugomvi na wenye maabara

Miaka 16 ya mwisho ya maisha yake ilikuwa ya ubishi. Mbolea ya naitrojeni ya kiwandani ilianza kutengenezwa kwa wingi Ujerumani mwaka 1913, kwa teknolojia ile ile iliyosaidia kutengeneza baruti katika Vita Kuu ya Kwanza. Baada ya vita, viwanda vilitafuta soko, na soko lilikuwa shamba. Howard alisimama kupinga. Alisema mbolea hiyo hulisha mmea kwa msimu mmoja lakini huuacha udongo ukiwa na njaa.

Mwaka 1940 alichapisha kitabu chake kinachojulikana zaidi, An Agricultural Testament. Kilitoka katikati ya Vita vya Pili, wakati serikali ya Uingereza ilikuwa inataka chakula kingi na haraka, na inasambaza mbolea za viwandani kwa wakulima. Wataalamu wengi walimwona mtu mkaidi anayedai zaidi ya alivyothibitisha. Hasa walikataa dai lake kwamba udongo wenye mboji unaweza peke yake kuondoa sehemu kubwa ya magonjwa ya mimea, wanyama na watu. Mpaka leo dai hilo, kwa ukubwa huo, halijathibitishwa.

Katika mambo mengine muda ulimpa haki. Leo katika vyuo vya kilimo hufundishwa kwamba mboji hushika maji, hupunguza mmomonyoko, huwapa vijidudu vya udongo makao, na hufanya hata mbolea ya dukani itumike vizuri pale inapopatikana. Wapo wataalamu wengi wanaoshauri mkulima achanganye vyote viwili. Howard hangekubali, lakini mchango wake umo katika ushauri huo pia.

Alipata wafuasi mbali. Marekani, J. I. Rodale alianzisha mwaka 1942 jarida la kilimo na bustani bila kemikali, na Howard akawa mmoja wa wahariri wake. Uingereza, Lady Eve Balfour, aliyeathiriwa na mawazo yake, alikuwa kati ya waanzilishi wa chama cha Soil Association mwaka 1946.

Faida yake Sandoa leo

Sehemu kubwa ya magharibi ya Lualaba ina udongo wa mchanga, ambao hupitisha maji haraka na kupoteza chakula cha mimea kila mvua kubwa inaponyesha. Udongo wa namna hiyo ndio unaofaidika sana na mboji. Na malighafi zipo: nyasi ambazo kila kiangazi huchomwa porini, mabua ya mahindi, maganda ya karanga, maganda ya mihogo, mavi ya mbuzi na kuku, majivu ya mbabula. Kinachohitajika zaidi ni kazi ya mikono, na kazi hiyo si ndogo. Rundo la mita moja na nusu linataka nyasi nyingi, maji ya kubeba, na mtu wa kuligeuza. Mara nyingi mzigo huo huwaangukia wamama na watoto, na ni vizuri nyumba igawane.

Bustani ndogo ya mboga ndiyo mahali pa kuanzia. Rundo moja haliwezi kulisha shamba zima la mahindi, lakini linatosha matuta kadhaa ya lengalenga, vitunguu na nyanya.

Lipo onyo moja ambalo Howard hakuliandika, kwa sababu hakuishi katika nchi ya migodi. Mboji haiondoi madini udongoni. Katika maeneo ya Katanga yaliyo karibu na migodi na viwanda vya shaba na kobalti, watafiti wamekuta metali nyingi katika udongo na katika mboga. Mtu wa Kolwezi anayelima kando ya mgodi, au anayemwagilia kwa maji yanayotoka huko, hawezi kuziita mboga zake salama kwa sababu tu hakutia kemikali. Sehemu za Sandoa zilizo mbali na migodi zina nafasi nzuri zaidi, nayo ni mali ya kulindwa.

Howard alifariki akiwa na miaka 73, katika mtaa wa Blackheath, London. Mjane wake Louise alichapisha mwaka 1953 kitabu kuhusu miaka ya mume wake India, ambamo kazi ya dada yake Gabrielle ilipewa nafasi yake. Pusa na Indore ziko bado kwenye ramani ya utafiti wa kilimo wa India.

Kwa anayetaka kujaribu Sandoa, hesabu ni rahisi. Shimo lililojazwa mwezi wa Julai, wakati nyasi kavu ni nyingi, hutoa mboji mvua za Oktoba zinapoanza. Aliyechelewa anaweza kupanga rundo juu ya ardhi mvua za kwanza zinaponyesha, na mboji yake itakuwa tayari mwezi wa Januari, kwa mboga za nusu ya pili ya masika.